Biti yenye tundu: nilivyopata seti ya bisibisi inayofaa kazi yangu

Maikrowevu ilikuwa ya mama mmoja mwenye mgahawa mdogo Chang'ombe, Dar es Salaam. Aliileta asubuhi kwa bajaji akaniambia, "Fundi, hii ndiyo inayonipashia chakula cha wateja. Nakuomba jioni niondoke nayo." Taa ilikuwa inawaka na sahani inazunguka, lakini chakula kinatoka cha baridi vilevile. Nikamwambia, "Mama, njoo saa kumi na moja utaikuta tayari." Ugonjwa huo nimeshautibu mara nyingi, na sikuona sababu ya kuchelewa.

Bati la nyuma lilikuwa limefungwa kwa skrubu saba. Sita nilizitoa kwa bisibisi ya nyota ya kawaida. Ya saba ilikuwa na tundu la pembe sita zenye mviringo, na katikati yake kimesimama kijipini. Hiyo ndiyo skrubu ya usalama, Torx ya pini, saizi T20. Nilikuwa na seti yangu ya biti zaidi ya mia moja, yaani ncha za bisibisi za kubadilisha, niliyoinunua kwa machinga kwa shilingi 18,000, na ndani yake kulikuwa na T20 yenye tundu. Nikaiingiza, nikakaza mkono, nikazungusha. Ikalia "tak". Ncha ya biti ilibaki ndani ya skrubu, imekikumbatia kile kijipini, na mkononi nikabaki na kipande butu.

Kutoboa kwa drili sikuthubutu, kwa sababu unga wa chuma ukiingia ndani ya maikrowevu unaweza kwenda kukaa palepale penye umeme mkubwa. Nilizungushia utepe pande zote za skrubu, nikaikata mfereji polepole kwa msumeno wa chuma, nikifuta kila baada ya misuguano michache, hadi bisibisi bapa ikapata pa kushika. Zilinichukua karibu saa tatu. Kilichokuwa kimeharibika ndani kilikuwa diodi ya umeme mkubwa, nikaibadilisha kwa dakika ishirini. Mama alifika saa kumi na moja akanikuta bado nasugua skrubu. Akakaa kwenye benchi hadi magharibi bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Wateja wake wa jioni walikuwa wamempita.

Usiku ule nilimwaga seti nzima mezani na kuanza kuzitazama biti moja moja kwa kioo cha kukuzia. Nilikuwa nimeitumia mwaka mzima bila kuitazama hata siku moja.

Biti ya usalama ni dhaifu kuliko biti ya kawaida ya saizi ileile, na sababu iko wazi ukiiangalia kwa mbele. Ili ipite kwenye kijipini lazima itobolewe katikati. T20 ina upana wa milimita 3.86 kutoka ncha hadi ncha. T10 ina milimita 2.74, na T8 ina 2.31 tu. Toa tundu la katikati, kisha toa mabonde yaliyo kati ya pembe, uone kuta zinazobaki zilivyo nyembamba. Nguvu yote ya mkono wako inapita kwenye kuta hizo. Kwa hiyo biti hii ndiyo inayohitaji chuma kizuri kuliko nyingine zote kwenye boksi, na kwenye seti za bei rahisi ndiyo inayotengenezwa ovyo kuliko zote. Katika seti yangu matundu matano hayakuwa hata katikati. Upande mmoja ukuta mnene, upande wa pili kama karatasi. Mengine yalikuwa mafupi, kiasi kwamba kijipini kinagonga mwisho wa tundu kabla biti haijazama vizuri. Juu ya yote wamepaka rangi ya kung'aa iliyojaa kwenye kona na kuzifanya pembe ziwe za mviringo zaidi ya inavyotakiwa.

Torx yenyewe ni kitu kizuri, na nasema hivi kwa moyo wote. Ilibuniwa Marekani na kampuni ya Camcar Textron mwaka 1967, na faida yake ni kwamba kuta zake zimesimama wima. Nyota ya msalaba tuliyoizoea ina kuta zilizolala, ukikaza sana bisibisi inapanda juu na kutafuna kichwa. Torx haipandi. Ikikutana na biti inayoitosha, unaweza kutumia nguvu zako zote. Tatizo ni biti isiyoitosha.

Kabla ya kwenda dukani nilipitia daftari langu la kazi za miezi sita, nikaandika kila skrubu ya ajabu niliyokutana nayo. Hatua hii ndiyo iliyoniokolea pesa nyingi kuliko zote. Katika zile biti zaidi ya mia moja nilizokuwa nazo, nilikuwa nimetumia kumi na nne. Torx za pini T10, T15 na T20 kwenye maikrowevu, mashine za kukaushia mikono na chaja kubwa. T8 ya pini kwenye rimoti za gemu za Xbox, ambazo vijana huniletea kila wiki. Ya mabawa matatu kwenye mashine ya gemu ya Nintendo Switch. Ile ya petali tano, P5 kwa kompyuta za MacBook na P2 kwa iPhone, ingawa simu kwangu ni chache, nyingi huenda kwa mafundi wa Mtaa wa Aggrey. Za matundu mawili kwenye vifuniko vya taa za ofisini. Na mashine za kahawa za Nespresso, ambazo nyingi zina skrubu yenye kichwa cha umbo la yai. Biti ya yai hata sikuwa nayo. Kati ya zaidi ya mia moja, hakuna!

Jumamosi nikaenda Kariakoo. Jambo la kwanza lililonisumbua ni jina. Ukisema "nyota," muuzaji anakuletea ya msalaba, kwa sababu hiyo ndiyo nyota yetu. Ukisema "nyota ya pembe sita," anakuletea funguo za aleni, zile za pembe sita zilizonyooka. Duka la tatu nikaacha kusema. Nilikuwa nimebeba mfukoni skrubu zenyewe, nilizozitoa kwenye vifaa vibovu nilivyovifanya vipuri: T8, T10, T15 na T20, zote za pini. Nikaziweka juu ya kaunta nikasema, "Kaka, nataka biti inayoingia humu." Mambo yakawa mepesi. Tangu hapo siendi kununua biti bila skrubu mfukoni, na ndugu yeyote wa kazi hii namsihi afanye hivyo.

Skrubu hizo ndizo zilizokuwa kipimo changu. Naichukua biti, naivisha skrubu, kisha nailaza mlalo. Skrubu ikibaki imekaa bila kuinama, bila msaada wa sumaku, biti imechongwa vizuri. Ikining'inia au ikicheza kushoto na kulia, mchezo huo ndio utakaokula pembe siku ya kazi. Tofauti kati ya T8 na T9 haifiki hata milimita 0.2, kwa hiyo biti iliyochongwa pungufu kidogo tu inageuka kuwa saizi nyingine. Nikiridhika hapo, naigeuza na kuitazama kwa mbele kama tundu liko katikati, kisha napima kina chake kwa sindano. Wauzaji wengine walikasirika. Mmoja aliniambia, "Bosi, unanunua au unafanya utafiti?" Nikamjibu kwamba nafanya yote mawili, na nikatoka na pesa yangu.

Maandishi kwenye boksi hayakunisaidia. Karibu kila boksi lilikuwa limeandikwa S2. Hicho ni chuma kweli, chuma cha zana kilichotengenezwa kustahimili mshtuko, na kinafaa sana kwa biti. Kile kinachoandikwa CrV, cha kromu na vanadi, ni kizuri kwa spana, ila ncha nyembamba kama hizi naona hakizitoshi. Lakini herufi mbili kila mtu anaweza kuzichapa. Niliamua kununua biti moja moja, T20 za pini kutoka maduka matatu tofauti, nikaenda nazo Gerezani kwa mzee mmoja anayechonga vipuri vya vyuma, ambaye namfahamu tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini leo?"

Nikamweleza. Akachukua tupa, akaipitisha kwenye shina la kila biti. Ya kwanza tupa iliuma moja kwa moja, ukatoka unga. Laini, akasema, hii itajisokota kama kamba. Ya pili na ya tatu tupa iliteleza, ikaacha mkwaruzo mdogo tu. Mimi nikadhani tumemaliza. Mzee akatikisa kichwa. "Ugumu peke yake si kitu. Glasi nayo ni ngumu." Akaibana skrubu yangu ya T20 kwenye jiliwa, akaingiza biti ya pili, akaizungusha kwa mshikio mrefu. Ikapasuka bila kutoa dalili yoyote, kama ile iliyonikatikia kwenye maikrowevu. Akaweka ya tatu. Niliona kwa macho yangu ikijipinda kidogo kabisa, kisha alipolegeza mkono ikarudi ilivyokuwa. Akaizungusha tena, ikarudi tena. Akaniambia, "Nenda kwa huyu."

Ile ya tatu nilikuwa nimeilipia shilingi 4,500 peke yake, nikaona ghali. Baada ya kumwona mzee akiizungusha mara tano sikuiona ghali tena.

Nikarudi kwa muuzaji wa biti hiyo ya tatu, na dukani kwake nilipunguza tamaa. Kulikuwa na seti kubwa na seti ndogo ya chuma kilekile, nikachukua ndogo ya biti thelathini na mbili, shilingi 75,000. Ilikuwa na Torx za pini kuanzia T8 hadi T40, za pembe sita zenye pini, za matundu mawili na za mabawa matatu. Shina lake ni la robo inchi, yaani milimita 6.35, linaingia kwenye mshikio wowote nilionao, na kila biti imechongwa namba yake kwenye chuma. Ile seti ya zamani namba zilikuwa za wino, zilishafutika zote, nikawa nakisia. Kwa vifaa vidogo nilinunua kando seti ya shina la milimita 4, kwa sababu shina la robo inchi ni nene mno kwa Switch na MacBook. Kuna bidhaa za Ujerumani, Wera na Wiha, ambazo nimewahi kuzishika kwa fundi mwenzangu na ni nzuri sana. Nikijaliwa nitazinunua kidogo kidogo, nikianza na T8, T10 na T20.

Nilikosea jambo moja, urefu. Biti fupi za milimita 25 zinatosha kwa maikrowevu, skrubu ziko nje kabisa. Mashine za kahawa skrubu zake zimezama ndani ya mashimo marefu, na mshikio wangu ni mnene kuliko shimo. Ilibidi nirudi Kariakoo wiki iliyofuata kutafuta biti ndefu. Fundi anayeanza leo, pima kwanza kina cha mashimo unayokutana nayo kwenye kazi zako.

Kuna jambo nataka nilieleze kwa uzito wake, kwa sababu biti hizi sasa mtu yeyote anazipata. Ile skrubu ya pini kwenye maikrowevu imewekwa kwa ajili ya uhai wa mtu. Ndani kuna transfoma inayopandisha umeme hadi maelfu ya volti, na kapasita inayoweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mimi nimefundishwa kuitoa chaji hiyo kabla ya kugusa chochote, na bado kila mara moyo unanidunda. Kama hujafundishwa, hata biti ikiingia vizuri usizungushe. Mpelekee fundi. Na fundi akimaliza arudishe skrubu ileile ya pini, asiweke ya kawaida, maana nyumbani kuna watoto. Ile ya mama wa Chang'ombe niliikata, kwa hiyo nikamtafutia nyingine ya aina ileile na kumpelekea mgahawani siku ya pili.

Sasa ni miezi minane. Kabla ya kuingiza biti nasafisha kwanza kichwa cha skrubu kwa sindano, kwa sababu mafuta ya jikoni yaliyoganda kwenye pembe huizuia biti isizame, na biti isiyozama hukatika hata ikiwa ya dhahabu. Halafu nakandamiza, naanza kwa kuzungusha kidogo sana, nasikilizia. Drili siitumii kabisa kwenye biti yenye tundu. T20 imefungua maikrowevu zaidi ya thelathini na pembe zake bado zina makali. T8 moja imejisokota, kosa la kijana wangu wa kazi aliyeitumia kwenye Torx isiyo na pini iliyoshika kutu. Tulikaa naye tukatenga biti za tundu upande wake na zisizo na tundu upande wake, na sasa kwenye skrubu isiyo na pini anachukua biti nzima isiyotobolewa.

Biti ya yai bado sijaipata ya chuma kizuri. Iliyopo nimechonga mwenyewe kwa kubana ncha ya bomba dogo la chuma, inafungua, ila kila baada ya mashine tatu nne inapanuka na inabidi niibane upya. Mzee wa Gerezani ameniambia nimpelekee skrubu ya Nespresso Jumatatu, tuone kama anaweza kuichonga kwa chuma cha biti ya zamani.