Kuuliza Njia Mizigo Ikiwa Imeshafungwa

Bwana asifiwe, wapendwa.

Ombi linalorudi katika vyumba vya maombi hapa Goma ni lile lile: tubaki, au tuuze tuhamie Lubumbashi, Kampala, popote pasipo mlio wa risasi? Basi wiki hii tusome Yeremia 42 yote, bila kuruka mistari.

Gedalia, liwali aliyewekwa na mfalme wa Babeli juu ya Yuda, ameuawa, watu wanawaogopa Wakaldayo, yaani Wababeli. Yohanani mwana wa Karea na wenzake, wakubwa kwa wadogo, wanamwendea Yeremia: tuombee, Bwana atuonyeshe njia. Wanaapa kutii, jibu liwe zuri au baya. Lakini rudi nyuma kidogo, 41:17. Wamekwisha kupiga kambi karibu na Bethlehemu, safari ni ya Misri. Jibu likaja baada ya siku kumi: kaeni. Wakamwambia nabii kuwa ni mwongo, wakaenda Misri, na yeye wakamchukua (43:2-7).

Walitaka nchi wasikoona vita, wasikosikia tarumbeta, wasikokosa chakula (42:14). Nani wa Goma atawacheka?

Mtu asichukue jibu lao akaligawa kwa kila nyumba. Misri ile ile waliyokatazwa hawa, Yusufu aliambiwa aikimbilie na Mariamu na mtoto, akaondoka usiku ule ule (Mathayo 2:14). Mei 27, 2021, siku tano baada ya volkano yetu ya Nyiragongo kulipuka, ilipotangazwa kwamba sehemu ya mji ihame, aliyeshika njia ya Sake hakupungukiwa imani. Hatari ikifika mlangoni, kimbia, utaomba ukitembea. Kuuza parsele, yaani kiwanja, ni jambo jingine, na hapo ndipo tunapotaka neno la Mungu lifike jioni hiyo hiyo.

Baba na mama, kabla ya kufunga na kuomba, kaeni wawili na mwambiane kambi yenu iko wapi tayari. Komisioneri, yaani dalali, amekwisha kuleta mnunuzi? Umetuma avansi, malipo ya kwanza, ya nyumba kule bila mwenzako kujua? Semeni kwanza, maana Yeremia aliwaambia wale kwamba wamejidanganya nafsi zao. Kisha ulizeni swali lenye mwisho. «Bwana, tufungulie njia» halina jibu la kutii. «Tuuze, au tupangishe?» linalo. Wekeni tarehe, na kabla yake asisaini mtu, wala avansi isipokelewe.

Siku hizo si za kukaa bure. Musa alituma wapelelezi, nanyi tumeni mtu akaulize kodi ya mwezi, garanti (amana ya nyumba) ya miezi mingapi, minervali (ada ya shule), na kama shule itampokea mtoto katikati ya mwaka na bultini yake, ile ripoti ya alama. Gharama ambayo familia nyingi husahau ni ile miezi ya kula kabla ya kazi kupatikana. Ndiyo inayomaliza pesa za parsele, na wa kurudi hana tena pa kurudi.

Shauri liombeni kwa watu wawili wasiopata kitu mkihama wala mkibaki. Komisioneri hayumo. Shemeji anayengoja kuingia nyumba yenu hayumo. Na yule nabii anayetoza sadaka ya mbegu ili «akuthibitishie» safari, tafadhali, tumwache kabisa! Wengine mnazunguka kwa manabii watatu, wanne, mpaka apatikane atakayesema mlichokipanga. Huko si kumtafuta Bwana, na wazee wa kanisa tumenyamaza mno juu ya hilo.

Tarehe ikifika bila amani ya pamoja, msiuze. Pangisheni kwa mkataba wa mwaka mmoja wenye saini zenu wote wawili, fishi ya parsele, karatasi ya kiwanja, ibaki mikononi mwenu, na atangulie mmoja wenu kwanza.