Nilivyosoma joto la uchaguzi Erie kwa vibao vya uani na stika za bampa

Kila uchaguzi wa urais ukikaribia huku Pennsylvania napewa ushauri wa aina mbili, na zote mbili zimenikera vya kutosha. Wa kwanza unatoka kwa wenzetu wahamiaji kwenye vikao vya wikendi: zunguka mtaani, hesabu vibao vya wagombea vilivyochomekwa mbele ya nyumba, mwenye vingi kashinda. Wa pili unatoka kwa Wamarekani waliowahi kufanya kampeni, nao huusema kama watu waliofunga mjadala: vibao havipigi kura, usijisumbue navyo. Mimi naendesha gari la vifurushi katika kaunti ya Erie, napita mbele ya nyumba za watu kutwa nzima, na nimeona kwamba pande zote mbili zinakosea. Vibao havikuambii nani atashinda. Vinakuambia nani amewaka na nani amepoa, mradi ujue nini cha kuangalia.

Kwa asiyeijua, Erie ni kona ya kaskazini-magharibi ya jimbo, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, kaunti ya watu kama 270,000. Mwaka 2012 Obama aliichukua kwa pointi kama 16 za asilimia. Mwaka 2016 Trump akaichukua kwa kura zisizofika 2,000. Mwaka 2020 Biden akairudisha kwa kura 1,400 na kidogo, na mwaka 2024 Trump akaichukua tena kwa takribani pointi moja. Mahali pa namna hiyo hakuna anayeweza kukaa na kusema matokeo yanajulikana.

Na mimi nilikuwa na shida yangu mahususi. Jioni na Jumamosi nasaidia wenzetu waliopata uraia, wengi wao Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wajiandikishe na wafike kituoni siku ya kura. Simpigii debe mgombea yeyote. Lakini magari ya kuwabeba watu ni machache, na wa kujitolea ni wachache zaidi, kwa hiyo nilitaka kujua ni mitaa gani watu wako macho na mitaa gani wamelala. Takwimu za kura za maoni zinazotajwa kwenye televisheni ni za jimbo zima. Hazikuambii lolote kuhusu mtaa mmoja wa upande wa mashariki wa mji.

Sisi tuliotoka Tanzania tunaanza na kikwazo kimoja. Nyumbani fulana, kofia na khanga za kampeni hugawiwa bure, na mama mmoja anaweza kuwa na za vyama vyote kabatini, anavaa ya kijani Jumatatu na nyingine Jumanne, na hakuna anayemshangaa. Kwa hiyo tukiona kibao uani kwa Mmarekani tunakichukulia vivyo hivyo. Sivyo. Hapa mwenye nyumba mara nyingi amekifuata mwenyewe ofisini, wakati mwingine amekilipia, amekichomeka kwa mikono yake mbele ya majirani atakaoishi nao miaka kumi ijayo, na kikiibwa usiku anakwenda kutafuta kingine. Mtu haingii gharama hiyo kwa mgombea ambaye hana habari naye.

Sasa niwaeleze mbinu yangu, maana naionea fahari kweli.

Tatizo la kuhesabu vibao ni jicho. Jicho linavutwa na nyumba yenye vibao kumi na bendera mbili juu ya pikapu, linaruka nyumba ishirini zisizo na kitu, halafu jioni unasimulia kwamba njia nzima ni ya fulani. Na huwezi kuandika huku unaendesha, utaua mtu. Nilinunua maharage mekundu, kunde nyeupe zile zenye jicho jeusi, na dengu, zote kwa dola chache tu kwenye duka la Wahindi. Mekundu ni ya Republican, chama cha Trump, kwa kuwa nyekundu ndiyo rangi yao hapa. Kunde ni za Democratic, chama cha Obama na Biden. Dengu nitazieleza. Vyote vilikaa kwenye vikopo pembeni ya kiti, na kishimo cha kuwekea kikombe cha kahawa ndicho kilikuwa sanduku langu la kura.

Kanuni ni hii: nahesabu pale tu gari liliposimama kushusha kifurushi. Naangalia nyumba ninayopeleka mzigo, jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na nyumba ya ng'ambo ya barabara. Basi. Nyumba moja punje moja, hata kama ina vibao kumi na turubai lenye picha ya mgombea. Nyumba isiyo na kitu haipati punje, ila ninajua nimesimama mara ngapi, kwa sababu mashine ya vifurushi inanihesabia. Uzuri wake ni kwamba sikuchagua mimi pa kusimama. Kifurushi kimechagua. Viatu vya mtoto, chakula cha mbwa, dawa, vinakwenda kwa watu wa vyama vyote na kwa wasio na chama.

Jioni namwaga punje juu ya meza, mke wangu anatenganisha, mimi naandika kwenye daftari: njia ya Millcreek, njia ya Harborcreek, njia ya Corry na Union City, njia ya mjini. Baada ya wiki chache meza ile ilianza kusema mambo ambayo macho yangu hayakuwa yameyaona barabarani.

Dengu ndiyo roho ya mbinu yote. Dengu ni ya nyumba iliyonyamaza: ilikuwa na kibao uchaguzi uliopita, safari hii haina. Hapo ndipo faida ya kupita njia zilezile miaka na miaka inapoonekana. Nyumba ninazijua, na ninazozisahau zimo daftarini. Ukiniuliza kipi kina thamani, kibao kipya au kibao kilichotoweka, nitakujibu kwamba nyumba iliyonyamaza inasema zaidi. Mtu aliyewahi kujitangaza akaacha kujitangaza ana sababu, na sababu hiyo itaonekana kwenye sanduku, ama kwa kubadili kura ama kwa kubaki nyumbani.

Vibao vya barabarani sivihesabu kabisa. Vile vinavyopandwa usiku kwenye makutano na kwenye njia za kutokea barabara kuu ya I-90 vimechomekwa na watu wawili wenye gari na nyundo, na idara ya barabara ya jimbo haivitaki hapo, inaving'oa. Havina mwenyewe. Viwanja vitupu vilevile. Ila kibao cha kujichorea, ubao wa mbao na rangi ya kopo, herufi zimepinda, nakiwekea alama ya nyota daftarini. Mtu aliyekaa karakana kwake na brashi Jumamosi nzima hatasahau kwenda kupiga kura.

Kuna mzee mmoja upande wa Fairview aliyenifundisha jambo ambalo sikulisikia kwa mtaalamu yeyote. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, akaniona nadondosha punje kwenye kishimo, akaja na mbwa wake hadi dirishani akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza ukweli. Akacheka, akaweka mkono juu ya mlango wa gari. "Kwa nyumba yangu umeweka ngapi?" Nikamwonyesha harage moja jekundu. Akageuka akatazama nyumba, mapazia ya jikoni yalikuwa wazi na mkewe anaonekana akiosha vyombo. "Hapo ungeweka na kunde moja," akasema. "Tumekubaliana kibao kiwe changu na bustani ya nyuma iwe yake." Tangu siku ile najua kwamba kibao ni cha mtu mmoja, si cha nyumba. Ndani kunaweza kuwa na kura mbili au nne zisizofanana.

Jambo jingine ambalo watu wa "hesabu tu" hawalioni: vibao vinahesabu ardhi. Anayemiliki uwanja wa mbele anaonekana. Anayepanga ghorofa ya tatu haonekani. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja, iliuzuia mji wa Ladue kule Missouri kumkataza mwanamke mmoja kuweka bango lake la kutaka amani nyumbani kwake, na tangu hapo serikali za miji hazina ubavu wa kupiga marufuku vibao kwenye makazi ya watu. Lakini mwenye nyumba binafsi anaweza kukuwekea katazo kwenye mkataba wa pango, na wengi huweka. Wenzetu karibu wote wanapanga. Katikati ya mji wa Erie kuna mitaa yenye wapiga kura wengi kuliko kijiji kizima cha mashambani, na usione kibao hata kimoja. Kwa hiyo sikulinganisha mji na mashamba. Nililinganisha mtaa na mtaa huohuo, mwaka huu na uchaguzi uliopita.

Stika za bampa nazo zina tabia zake. Tangu Forest Gill, mchapaji wa Kansas City, alipozipa umaarufu miaka ya 1940, kazi yake ni kung'ang'ania, na mpaka leo unaona za Obama zimepauka nyuma ya gari lenye kutu. Hiyo ni historia, siihesabu. Nahesabu stika mpya kwenye gari kuukuu, na nahesabu kivuli cha gundi pale mtu alipoibandua. Tena uangalie namba za gari. Ukisimama kwenye maegesho ya Millcreek Mall pale Peach Street, magari mengi ni ya Ohio na New York, kwa sababu Pennsylvania haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo na watu wanavuka mpaka kuja kununua. Mgeni aliyeambiwa "nenda kwenye maduka makubwa uangalie stika" atakuwa anapima uchaguzi wa jimbo la watu wengine. Nenda maegesho ya kiwanda au ya hospitali wakati zamu zinabadilishana. Hao ndio wakazi.

Mwaka 2020 meza yetu ilijaa mekundu. Kuelekea Corry na Union City kunde zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na ndugu zangu walishaamua kwamba Trump anaichukua kaunti kirahisi. Daftari likaniambia tofauti. Mekundu yalikuwa mengi, lakini yalitoka nyumba zilezile za 2016, tofauti ni kwamba kila moja imeongeza vibao na bendera. Kunde zilitoka kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kuweka kitu, hasa Millcreek, na Millcreek hiyohiyo ilikuwa na dengu za watu waliokuwa wekundu wakanyamaza. Na ilikuwa mwaka wa korona. Kampeni ya Biden haikubisha hodi milangoni hadi karibu na mwisho, kwa hiyo ukimya wa mtaani haukuwa lazima uvivu. Nikawaambia pale kanisani kwamba itakuwa karibu sana, na kwamba usiku wa Jumanne wasilale na matokeo ya kwanza, kwa sababu sheria ya Pennsylvania hairuhusu kuzifungua kura za posta kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi. Wakanibishia kwa sauti. Zilipomalizika kuhesabiwa, Biden alikuwa mbele kwa zile kura 1,400.

Mwaka 2024 hali ilikuwa nyingine, na hapo kazi yote ikalipa. Millcreek kunde zilisimama vizuri. Dengu zilihamia mjini, mitaa ya mashariki, kwenye nyumba zenye baraza la mbao ambazo miaka minne nyuma zilikuwa na kibao cha Biden. Wengine waliweka cha mbunge wa jimbo na cha rais hakuna, na hiyo huwa ni ishara nzito kwangu: mtu anakwenda kituoni, ila jina la juu halimpi raha. Tulipoona hivyo tukahamisha magari mawili na fomu zote tulizobaki nazo upande ule, tukaacha mitaa iliyokuwa imeshawaka yenyewe. Watu waliosema hawana haja ya kupiga kura walipanda magari yetu. Walimpigia nani sikuuliza.

Mwenye kusema vibao havina kazi yoyote asome utafiti wa Donald Green wa Columbia University na wenzake uliotoka 2016. Walifanya majaribio manne, wakapanda vibao kwenye maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na kwa wastani mgombea alipata nyongeza ya pointi 1.7 hivi. Kwa kaunti inayoamuliwa kwa pointi moja, hicho si kitu cha kukipuuza, ingawa siwezi kuchukulia kwamba uchaguzi wa urais, wenye matangazo kila dakika, unatikisika kama ule wa diwani.

Novemba 2026 Pennsylvania inachagua gavana. Mimi huanza kabla ya Siku ya Wafanyakazi ya hapa, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa sababu bila hesabu ya mwanzo huna cha kulinganisha, na dengu hazina maana. Kama uko Lancaster, Pittsburgh au Harrisburg na kazi yako ni vifurushi, chakula au teksi, andika sasa nyumba za njia yako zilizo na kibao au zilizobaki na kibao cha zamani. Usipige picha nyumba ya mtu, anwani na rangi ya mlango vinatosha. Na gari lisimame kwanza ndipo uguse kikopo.