Kipimajoto kilisoma nyuzi 12, na barafu ikafanyika
Asubuhi moja ya mwezi wa Juni niliruka kutoka kiwanja cha Nduli, Iringa, kwenda Songwe, Mbeya, kwa Cessna 172 ya zamani yenye injini ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika silinda), nikiwa na abiria mmoja, mzee wa Rungwe. Katika futi 8,500 kipimajoto cha hewa ya nje kilisoma nyuzi 12, nami nikaridhika, kwa sababu nilizoea kuihusisha barafu na mabawa pekee. Barafu ya mabawa huhitaji wingu au mvua pamoja na hewa iliyofikia sifuri au chini yake, na katika anga yetu hewa ya namna hiyo hupatikana kwa kawaida kuanzia takriban futi 15,000, ambako ndege yangu haifiki.

Karibu na Mafinga, tukipita juu kidogo ya ukungu mzito, mizunguko ya injini ilishuka polepole kutoka 2,400 hadi 2,250 bila mimi kugusa chochote.

"Mwanangu, mbona injini inakohoa?" mzee akauliza.

Nilivuta hadi mwisho kishikio cha kuingiza hewa ya moto katika kabureta. Hapo ndipo penye mtihani, kwani injini ilizidi kutetemeka na mizunguko ikaporomoka zaidi: barafu iliyokuwa imefanyika ndani ya kabureta ilikuwa ikiyeyuka, na maji yake yakipita ndani ya silinda. Rubani asiyelijua hilo hukirudisha kishikio upesi, akidhani ameharibu, kumbe anaiacha barafu izidi kuziba. Nilikiacha vilevile. Haikupita dakika, mtetemo ukatulia na mshale wa mizunguko ukaanza kupanda. Nilipokirudisha, ukasimama tena kwenye 2,400.

"Imetulia, mzee wangu," nikamwambia.

Kipimajoto hakikukosea. Kinapima hewa ya nje, si koo la kabureta, ambamo petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto, na hewa ikipenya mahali pembamba hupoa, hata joto likashuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Kwa hiyo barafu hii yaweza kufanyika hata hewa ya nje ikiwa na nyuzi 25, mradi ina unyevu wa kutosha. Tangu hapo, kabla ya kuruka, huandika joto la hewa pamoja na joto ambalo umande huanza kufanyika, na namba hizo zikikaribiana huijaribu hewa ya moto mara kwa mara njiani.

Siku ile, kabla ya kupunguza nguvu za injini ili tushuke Songwe, nilikivuta tena kishikio, kwa kuwa kilango cha hewa kikifungwa nusu kabureta hupoa zaidi.