Tom and Jerry za kanda za VHS: nilivyozihamishia kwenye kompyuta bila sauti kuachana na picha

Kila nikitaja kwamba ninazo katuni za Tom and Jerry zilizorekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye televisheni miaka ya tisini, naulizwa swali lile lile: kwa nini usizipakue tu mtandaoni? Mtandaoni utapata katuni safi, iliyosuguliwa ikang'aa. Hutapata ile tuliyoikimbilia tukitoka madrasa au shule: yenye nembo ya kituo pembeni, iliyokatwa katikati na tangazo la sabuni, ikifuatiwa na saa inayohesabu sekunde kuelekea taarifa ya habari. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo binafsi vikaanza kurusha matangazo. Mitambo ya analojia Dar es Salaam ilizimwa Desemba 31, 2012, na yaliyopita humo hewani leo yamelala kwenye kanda za watu, ndani ya masanduku yaliyo chini ya vitanda. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usikate matangazo. Hamisha kanda yote kama ilivyo.

Katuni hii ina tabia moja inayoifanya kazi iwe ngumu kuliko kuhamisha video ya harusi. Tom na Jerry ni nadra kusema. William Hanna na Joseph Barbera walipoianzisha kwenye studio za MGM mwaka 1940, waliujenga ucheshi wake juu ya vitendo, na mtunzi Scott Bradley akauandika muziki ukifuata kila hatua ya paka na kila kutoroka kwa panya. Kikaango kikitua kichwani na mlio ukachelewa hata robo sekunde, kichekesho kimekufa. Ndiyo maana hata sisi ambao hatukujua Kiingereza tulicheka mpaka machozi, na ndiyo maana mtu akiniletea nakala ambayo sauti imeachana na picha namwambia hajaokoa kitu.

Nilianza kwa njia inayopendekezwa na kila mtu: deki, waya wa njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, kisha kile kidude kidogo cha USB kinachouzwa kwa bei ya chipsi kuku na soda. Dakika tano za mwanzo zilikuwa sawa kabisa. Kufikia dakika ya ishirini Tom anapigwa na mlango, Jerry ameshaingia shimoni na anapumzika, ndipo kishindo kinasikika. Mwisho wa kanda tofauti ilikuwa ya sekunde kadhaa. Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Mmoja akasema niongeze RAM. Mwingine akasema waya ni mbovu. Fundi mmoja aliitazama kanda dakika moja akatangaza kwamba imekufa, niitupe. Wote walikosea, na ninaeleza kwa urefu kwa sababu ushauri huu bado unatolewa kila siku na watu bado wanatupa kanda nzima.

Tatizo lenyewe ni hili. Ndani ya deki kuna ngoma yenye hedi za kusomea picha, na kwa PAL, mfumo wetu wa televisheni, ngoma hiyo huzunguka mara 1500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, wakati utepe wenyewe unajikokota kwa sentimita 2.3 hivi kwa sekunde. Utepe ukiwa umelegea, umevutika au umekunjamana kidogo, mistari ya picha haifiki kwa wakati: mmoja unawahi, mwingine unachelewa. Televisheni za zamani za kioo kinene zilivumilia hali hiyo. Kidude cha USB hakivumilii. Kikipotewa na mapigo ya kuongozea picha kinaiacha fremu nzima, yaani picha moja kamili, ipite bila kuinasa. Sauti inapita njia nyingine na haipungui kitu. Fremu 25 zikipotea, picha imetangulia sauti kwa sekunde moja. RAM haihusiki popote hapo. Ukitaka kuthibitisha, nasa kwa programu ya VirtualDub na uangalie pembeni idadi ya fremu zilizodondoka na zilizopachikwa. Namba hizo zikipanda kila picha inapotetemeka, ugonjwa uko kati ya deki na kidude.

Dawa yenyewe ni mashine ambayo watu wanaitupa: rekoda ya DVD. Sisemi deki ya kuchezea DVD, kwa sababu hiyo haina mahali pa kuingizia picha. Nasema ile iliyotengenezwa kurekodi. Huhitaji hata diski ndani yake. Unachomeka deki ya VHS kwenye tundu lake la kuingizia, unachagua chaneli ya AV kwa rimoti, na matokeo yake unayapeleka kwenye kidude. Ikipita humo, rekoda inaipokea picha iliyoyumba, inaipanga upya mstari kwa mstari na kuitoa ikiwa na mapigo yaliyonyooka. Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zinasifika kwa kazi hii, na sifa hiyo ni ya haki. Nyingine husaidia kwa kiasi, kwa hiyo jaribu kabla hujalipa. Sokoni kwenye vifaa vya mitumba zinauzwa kwa bei ya kubembelezana, kwa sababu muuzaji anaona droo ya diski haifunguki na anadhani ni kopo tupu. Kwa kazi yetu droo mbovu si tatizo hata kidogo. Nilipoipachika katikati, ile ile kanda "iliyokufa" ilikwenda kwa muda wa saa tatu na kishindo cha mwisho kikatua pale pale mlango unapofungwa. Jambo moja tu: rekoda ikiwa na kipengele cha kuondoa chenga, kizime. Rangi za katuni ni tambarare na mistari yake ni myembamba, na kipengele hicho huipaka mistari ukungu Jerry anapokimbia.

Nikitaja ukungu, sisi wa pwani tuna ule wa kweli. Tazama kwenye kidirisha cha kanda: ukiona unga mweupe au madoa ya kijivu kwenye ukingo wa utepe, usiitie kwenye deki nzuri. Ukungu huo utahamia kwenye ngoma, na kutoka hapo kwenye kila kanda utakayocheza baadaye. Usianike kanda juani kama wengi wanavyoshauri. Joto linaupinda utepe na haurudi tena. Nilichofanya ni kuziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na mifuko ya silika jeli inayonyonya unyevu, hadi ukungu ukakauka na kuwa vumbi. Ukiwa mbichi unapakaza, ukiwa mkavu unafutika. Kisha nilichukua deki mbovu isiyo na thamani, nikafungua mfuniko wake, nikaupitisha utepe katikati ya kitambaa laini kisichotoa nyuzi huku ukipelekwa mbele na kurudishwa nyuma kwa kasi. Kitambaa kikichafuka geuza upande. Fanya kazi hiyo nje ukiwa umevaa barakoa, kwa sababu vumbi hilo si la kuvuta.

Hedi zisafishwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, si spiriti ya dukani yenye maji na rangi. Lowesha kipande cha ngozi laini ya kusafishia, kishike kikiwa kimetulia ubavuni mwa ngoma, na uizungushe ngoma taratibu kwa mkono kutoka juu. Usisugue kwenda juu na chini hata mara moja; hedi ni ncha ndogo sana na inavunjika. Pamba za masikioni ziache, nyuzi zake hunasa kwenye hedi. Rola nyeusi ya mpira isafishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa kuwa alkoholi inaikausha na ikikauka inaanza kula kanda.

Kanda iliyopasuka ganda inahamishwa kwenye ganda la kanda nyingine. Skrubu ni tano, zote upande wa chini. Kabla hujanyanyua mfuniko, piga picha kwa simu jinsi utepe unavyopita. Utepe uliokatika unaungwa kwa gundi-tepe maalumu ya kuungia, upande wa ndani usio na picha, ncha zikigusana bila kupandana. Selotepu ya dukani ni hatari: gundi yake inachuruzika kwenye joto letu na kunata kwenye ngoma inayozunguka kwa kasi niliyoitaja.

Sauti ikiwa hafifu kana kwamba mtu amefunika spika kwa mkono, mara nyingi kanda haina kosa. Deki nyingi za majumbani zilirekodi sauti ya kawaida kwenye ukingo wa utepe, na inasomwa na hedi iliyosimama, siyo ile inayozunguka. Hedi hiyo ikiinama kidogo tu tofauti na deki iliyorekodi, milio myembamba yote inapotea, na kwa Tom and Jerry hiyo ndiyo filimbi, zeze na matoazi. Pembeni yake kuna skrubu ya kurekebisha mwinamo. Weka alama ya mahali ilipo kwa kalamu, kisha izungushe kidogo sana huku kanda ikicheza hadi matoazi yafunguke. Ukimaliza kanda hiyo, irudishe kwenye alama. Kama deki iliyorekodi bado ipo kwa mjomba au jirani, itumie hiyo, haitahitaji marekebisho. Na kama walirekodi kwa mwendo wa LP, ule wa polepole, ili kanda ya E-180 ibebe saa sita badala ya tatu, hakikisha deki yako inausoma.

Upande wa kompyuta: pikseli 720 kwa 576, fremu 25, kodeki (njia ya kubana video) ya HuffYUV isiyopoteza kitu. Tenga gigabaiti 30 hadi 40 kwa kila saa ya kanda. Ukinasa moja kwa moja kwenye MP4 ndogo umeshaua nusu ya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo ninalojivunia kuliko yote, na ambalo maelezo mengi ya kuhamisha VHS yanalikosea. Watakuambia kila kanda lazima uondoe ile mistari kama meno ya kitana inayoonekana kitu kikikimbia, na watakupa kichujio kinachobuni picha za katikati. Kwa mechi ya mpira, sawa. Katuni hizi zilipigwa kwenye filamu kwa fremu 24 kwa sekunde, na vituo vya PAL vilizirusha kwa 25. Maana yake nusu mbili za kila fremu (PAL huirusha fremu kwa mistari inayopokezana, nusu kwanza na nusu baadaye) zinatoka kwenye mchoro mmoja. Hakuna cha kubuni. Ni kuziunganisha tu. Kichujio cha kubuni kitaichakaza mistari iliyochorwa kwa mkono bila sababu. Sogeza fremu moja moja kwenye sehemu ambayo Tom anamkimbiza Jerry. Usipoona meno ya kitana, acha ilivyo. Ukiona meno kwenye kila mchoro mpya, nusu zimepishana hatua moja. Tumia kichujio cha TFM ndani ya AviSynth, programu ya kuchakata video, kitazitafuta zinazolingana na kuzirudishia mwenzake. Ukiona vivuli viwili vya Tom vimepandana, kituo kilirusha nakala iliyogeuzwa kutoka mfumo wa NTSC wa Marekani, na hizo haziponi vizuri, zihifadhi zilivyo. Kanda zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani zina utaratibu wake: zinahitaji deki inayosoma NTSC, zinanaswa kwa mistari 480, na fremu 24 zinarejeshwa kwa kuondoa zile zilizorudiwa.

Kwa sababu ya 24 kugeuka 25, katuni ya dakika saba ilipita kwetu ikiwa fupi kwa sekunde 17 hivi, na muziki ukiwa juu kidogo kuliko ulivyopigwa. Ndiyo maana ukisikiliza nakala ya Marekani leo unahisi imelegea. Unaweza kuirudisha kwenye mwendo wake halisi kwa kupunguza kasi ya picha na sauti kwa asilimia 4, kwa pamoja na kwa hesabu ile ile, la sivyo unarudi kwenye ugonjwa wa mwanzo. Mimi siirudishi. Mwendo ule wa 25 ndio uliokuwa kwenye masikio yetu, na ndio ninaouhifadhi.

Ukikuta Tom amechorwa ajabu, mwangwi ni mwingi na mandhari ni kavu, usidhani kanda imeharibika. Kuna 13 zilizotengenezwa Prague chini ya Gene Deitch mwaka 1961 na 1962, na ndivyo zilivyo. Zilizofuata za Chuck Jones zina Tom mwenye nyusi nene. Na kadhaa za miaka ya mwisho ya Hanna na Barbera zilitengenezwa kwa skrini pana ya sinema, kwa hiyo kwenye televisheni pembeni zilikatwa na Jerry anaweza kuonekana akitazama ukuta, mwenzake yuko nje ya picha.

Nakala ya kutazamia itoe kwa uwiano wa 4:3. Usiivute ijaze televisheni pana, Jerry akawa bapa. Mistari inayovurugika chini kabisa ya picha ni ya deki kubadili hedi. Televisheni za zamani ziliificha nyuma ya ukingo wa kasha lake. Ifunike kwa ukanda mweusi, usiikate, maana ukikata uwiano unaharibika. Faili kubwa la HuffYUV lihifadhi kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na kanda yenyewe irudishe mwanzo, isimamishe wima kama kitabu, ndani ya ndoo ile ile yenye silika jeli.