Nilivyochagua begi la kupandia Kilimanjaro

Maandalizi yangu ya kupanda mlima niliyaanzia kwenye begi, kabla ya viatu na kabla ya koti. Sababu ni binamu yangu, ambaye ni mpagazi. Nilipomwambia tunakwenda na wenzangu wa kazini kwa njia ya Machame, hakuniuliza habari za mazoezi. Aliniuliza, "Dada, begi lako umeshafikiria atakayelibeba?"

Kwa kweli begi kubwa mlimani hulibebi wewe. Linakaa kichwani au mabegani mwa mtu mwingine, kwenye mawe na utelezi, na mara nyingi juu ya kata ya nguo tu. Ukimpa begi gumu lenye fremu na mpini wa kuvuta, vile vyuma vinamkandamiza shingo siku nzima. Magurudumu nayo huko juu hayana pa kubingirika. Tena mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, ukiacha vitu vyake mwenyewe, na getini kuna mizani. Kampuni nyingi humpa mteja kilo 15. Begi la magurudumu linaweza kula kilo tatu au nne za hapo kabla hujaweka hata soksi.

Nikaenda Memorial, soko la mitumba la Moshi, asubuhi mabelo yanapofunguliwa, kutafuta begi laini, refu, la lita kama 80, lenye zipu ndefu juu ili nione kila kitu bila kupekua gizani kwenye hema. Shangazi kaja, yale mabegi ya plastiki ya mirabamiraba, nilizipita. Kwa kupeleka ndizi na maharage Dar kwenye buti la basi hazina mpinzani, ila mikono yake inachanika, na mvua ya msitu wa Machame haichagui msimu.

Nililolipenda nililigeuza ndani nje. Nilikwaruza bitana kwa ukucha: ikitoka ungaunga au kubanduka kama ngozi iliyoungua jua, ujue ule utando wa kuzuia maji umekwisha. Hilo halikubanduka. Nikaangalia mikono inaanzia wapi. Kwenye begi zuri mkanda unashuka ukapita chini ya begi na kupanda upande wa pili, ukishonwa kwa msalaba kila pembe. Kwenye begi la hovyo unaishia juu tu, na hapo ndipo linapokatikia mtu akilinyanyua kwa nguvu. Kisha nikalijaza nguo za mitumba za muuzaji wa jirani, kwa ruhusa, nikafunga zipu. Zipu ya begi tupu haikwambii kitu. Nikamwambia muuzaji, "Mangi, punguza, jino hili limekaa vibaya." Akapunguza, na fundi begi akalinyoosha lile jino kwa koleo.

Hata begi zuri linavuja kwenye mishono. Zamani ungefunga nguo kwenye mifuko ya rambo, lakini ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nikanunua mifuko mizito isiyopitisha maji, ile unayoikunja mdomo na kuibana. Mfuko wa kulalia ulipata wake peke yake. Ukilowa huo, kule kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, hakuna jua la kuukausha kwa wakati.

Begi dogo la mgongoni ndilo nililotumia pesa zaidi, na sijuti hata kidogo. Mpagazi anakupita asubuhi na hamuonani hadi kambini, kwa hiyo koti la mvua, sweta, chakula, dawa na maji vinakaa kwako. Maji lita tatu peke yake ni kilo tatu. Nilichagua la lita 30 lenye mkanda mpana wa kiunoni, nikalipima dukani likiwa na mzigo: mkanda ukikaa juu ya mifupa ya nyonga, mabega yanapumua. Ukikaa tumboni, begi halilingani na mgongo wako, liache hata kama rangi imekuvutia.

Getini begi kubwa lilisoma kilo 12. Binamu hakuwa kwenye kundi letu, lakini aliyelibeba alilijaribu kwa mkono mmoja, akaliweka kichwani na kuondoka. Anayepanda mara moja tu, Moshi mjini kuna maduka yanayokodisha mabegi haya. Jaribio la ukucha na la zipu lifanye hukohuko kabla ya kulipa.