Jumamosi ya Kwanza Bila Rambo

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza Tanzania Jumamosi, tarehe 1 Juni 2019, na siku hiyohiyo nilimsindikiza shangazi Kariakoo kununua vitu vya Idd. Soko kuu lilikuwa bado zima. Liliungua Julai 2021. Kule shimoni, sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, watu walijaa, na wengi walikuja mikono mitupu kwa mazoea ya rambo, ile mifuko ya plastiki ya bure. Kila walipohamia meza nyingine walinunua mfuko mwingine.

Shangazi alikuja na vikapu viwili vya ukili, vifuko alivyoshona kwa khanga kuukuu, dumu la lita 5 la kutilia mafuta na ndoo ya kutilia nyama yenye mfuniko. Usiku uliotangulia alikuwa ametia viatu vyake ndani ya kikapu kimojawapo, ili asiweze kutoka nyumbani bila kukigusa.

Orodha aliiandikia jikoni, akifungua kopo moja moja na kulitikisa. Kopo tupu halisahauliki, linajitangaza lenyewe. Kinachosahaulika ni kile kilichobaki robo: chumvi, majani ya chai, hamira. Kinaisha katikati ya mapishi, mtoto anatumwa dukani kwa Mangi, na pakiti ndogo ya pale ndiyo ghali kuliko zote. Mbele ya kila kitu aliandika kiasi na bei ya mara ya mwisho. Bila bei ile, muuzaji akikuambia "leo imeshuka, mama", utaipima na nini?

Tulianza na vitu vizito na vigumu vikae chini ya kikapu. Mchele aliukataa kwa sado, lile kopo la kupimia, akataka mizani, na akatazama mshale umesimama kwenye sifuri kabla haujamwagwa. Kwenye vitunguu kijana alitoa sado iliyobonyezwa kitako kuja juu. Shangazi aliigeuza, akaingiza ngumi ndani.

"Mwanangu, hii imebonyea. Nipimie kwa ile nyingine."

"Haya mama yangu, usijali."

Alichagua vitunguu vya wastani, kwa sababu vikubwa huacha mianya mingi na sado ya lita 4 inajaa upesi kwa macho tu. Kilima alikidai mpaka vikaanza kubingirika, kisha akaomba nyongeza.

Kwenye iliki alikaa muda mrefu, na alikuwa na haki: hakuna kiungo cha pilau kinachokula pesa kama hicho. Aliipasua punje moja kwa ukucha. Mbegu zikiwa nyeusi na zinanata, harufu ipo. Zikiwa kahawia na kavu, unanunua maganda. Alipimiwa gramu 50, zikaingia kwenye kifuko cha khanga.

Nyanya zilikuja mwisho. Tenga zima ni nafuu kuliko mafungu, lakini kwa nyumba moja nusu yake huoza, kwa hiyo alikuwa amechangisha majirani wawili. Kabla ya kulipa alitaka limwagwe juu ya gunia. Za juu huwa zimepangwa kwa ajili ya macho. Zilizopondeka zinakaa chini, na maji yake huozesha nyingine.

Juu ya ngazi alitua mizigo, akasoma orodha kwa sauti huku mimi nikigusa kila kitu. Bizari nyembamba haikuwepo, maana meza aliyoizoea ilikuwa imeishiwa. Tukashuka tena. Kuifuata kutoka nyumbani kungekula nauli ya shilingi 400 kwenda na 400 kurudi.

Tenga tuligawana alasiri ileile. Zilizobonyea shangazi alizikwaruza, akazichemsha mpaka maji yakakauka, akatia mafuta na chumvi: rojo la kupikia siku za mwanzo za Idd. Ngumu alizitandaza juu ya mkeka, kila moja mbali na mwenzake. Bei mpya akaziandika kando ya zile za zamani, karatasi akaibandika ndani ya mlango wa kabati.