Brashi zangu za mekapu, yai la silikoni na maji ya Dodoma

Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyeuliza. Tulikuwa Nkuhungu, Ijumaa ya sendofu, saa nane mchana, nimeshampaka binti fondesheni shavu moja. Mama yule akaokota brashi yangu kubwa ya poda mezani, akaipitisha mgongoni mwa mkono wake mara mbili, kisha akanitazama.

"Mwanangu, hii unaiosha na nini? Mbona inachoma kama ufagio?"

"Naziosha kila Jumapili, shangazi," nikamjibu.

Nilikuwa nasema kweli, na ndiyo maana swali lile lilinikaa rohoni. Kila Jumapili nilikuwa nakaa uani na brashi zangu thelathini na mbili, kipande cha sabuni ya mche na ndoo ya maji. Nasugulia kwenye kiganja, nasuuza, naanika. Na bado nywele zilikuwa ngumu, zina utando mweupe kwa mbali, na fondesheni ilikuwa inaacha mistari usoni ambayo nililazimika kuifukuza kwa sponji.

Wiki mbili baadaye mteja mwingine alinitumia picha ya mashavu yake, vipele vidogo vidogo vimetapakaa pale pale nilipompaka. Siwezi kuapa kwamba brashi zangu ndizo zilizomfanya vile, ngozi ina sababu zake nyingi. Lakini jioni ile nilichukua brashi kuukuu ya fondesheni, nikaipasua kwa wembe kuanzia kwenye kile kikombe cha bati kinachoshika nywele. Nje ilikuwa safi kabisa. Ndani, karibu na gundi, kulikuwa na donge la kahawia la mafuta na rangi, limeshikana kama nta. Niliinusa nikaiweka chini. Nilikuwa nimepaka nyuso za watu kwa kitu kile miezi na miezi.

Kiganja ni laini mno kwa kazi hii, nimekuja kuelewa. Ukisugulia brashi nene kiganjani, ncha za nywele zinalala, sabuni inapita juu, katikati hapaguswi. Fondesheni ina mafuta, nayo kila siku inateremka kidogo kuelekea shinani. Kabla ya hapo nilishajaribu kichungi cha chai cha plastiki, nikakiacha siku hiyo hiyo kwa sababu nyavu zake zilikuwa zinang'oa nywele.

Mwenzangu mmoja wa saluni ndiye aliyenipa habari za yai la silikoni. Ni kifaa kidogo kama nusu ya yai, kina uwazi nyuma wa kuingiza vidole viwili. Sehemu ya juu ina vinundu vidogo vingi, na chini yake kuna mifereji iliyochongoka kidogo, imepangwa safu safu. Vinundu ni vya kutengeneza povu na kuzifungua nywele, mifereji ni ya kukwangua kile kilichoganda. Nililinunua shilingi 3,000, na lilikuja na basi kutoka Dar es Salaam ndani ya mzigo wa rafiki yangu.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilifikiri nguvu ndiyo dawa, nikazikandamiza brashi kwenye ile mifereji kama mtu anayesugua sufuria la ugali. Brashi mbili za macho zilitawanyika nywele zikasimama kila upande, na ile ya konsila, krimu ya kuficha madoa, ikaanza kucheza kwenye bati lake. Siku ile ningelitupa lile yai, na nafurahi kwamba sikulitupa. Kosa lilikuwa la mkono. Brashi inatakiwa iguse silikoni kwa uzito wake tu na msukumo mdogo wa kidole, uizungushe polepole juu ya vinundu mpaka nywele zifunguke zenyewe kama ua, kisha uivute kuelekea kwako kwenye mifereji, mwendo mmoja, usirudishe nyuma. Brashi nyembamba za macho sizipeleki kwenye mifereji kabisa, vinundu vinazitosha. Na maji yasipande hadi kwenye bati, maana gundi iko humo. Maji ya moto nayo yanailainisha gundi hiyo hiyo, kwa hiyo natumia vuguvugu, kama ya kumuogeshea mtoto mchanga.

Baada ya kuujua mkono, donge la ndani likaanza kutoka. Lakini utando mweupe ulibaki, na hapa ndipo nilipochelewa zaidi kuelewa, kwa sababu nilikuwa naangalia brashi wakati nilitakiwa kuangalia birika.

Anayeishi hapa anajua. Maji ya bomba ya Dodoma kwa miaka mingi yametoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mitaa mingine tunategemea visima vyetu wenyewe. Ukichemsha chai wiki mbili tu, birika linaota magamba meupe. Ni yale maji magumu tuliyosoma shuleni: yana kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo haitoi povu haraka, inashikana nayo na kuwa utando usioyeyuka majini. Kwenye nguo unauona kama weupe wa kola. Kwenye brashi unaganda kila unywele, na ukiongeza sabuni unaongeza utando. Nilikuwa nazichafua brashi kwa bidii yangu yote.

Nikaacha sabuni ya mche. Sasa natumia shampuu ya watoto, ambayo haifanyi utando ule hata kwenye maji magumu. Kwa brashi za nailoni zilizolowa fondesheni nzito, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo kwanza, halafu shampuu. Zile za nywele za mbuzi, za poda, sizipi sabuni ya vyombo, inazikausha mpaka zinakatika. Ili kuondoa utando wa zamani niliweka kijiko kimoja cha siki nyeupe kwenye bakuli la maji, nikachovya nywele tu dakika mbili, nikasuuza sana. Brashi nyingi zilirudi. Ile ya poda aliyoishika shangazi haikurudi vizuri, nikaiacha, ingawa niliinunua kwa hela ya kazi yangu ya kwanza.

Maji ya kusuuzia ndiyo yamebadilisha kila kitu. Msimu wetu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka kama Aprili, na nyumba yetu ina bati zuri. Mama alishazoea kukinga maji ya mvua kwa ajili ya kufulia mashuka. Nikamwomba pipa moja liwe langu, nikalifunika kwa kitambaa na mfuniko. Povu la maji yale ni jambo la kushangaza ukizoea ya kisima. Kijiko kidogo cha shampuu kinatosha brashi kumi. Mvua ikikata, nachemsha maji ya bomba, nayaacha yapoe na yatulie usiku kucha, namimina ya juu taratibu na kuacha mashapo meupe chini. Kuchemsha hakuondoi madini yote, ila kunapunguza sehemu kubwa ya yale yanayoota magamba kwenye birika.

Kwa hesabu ya maji nimefaidika pia, jambo kubwa kwa mtaa wenye mgao. Zamani dumu zima la lita 20 lilikuwa linaisha. Sasa nina mabakuli matatu: la povu, la suuza ya kwanza, la suuza ya mwisho. Nusu dumu linabaki.

Kukausha nilidhani ni rahisi, kwa hewa kavu ya huku. Kweli brashi iliyooshwa jioni asubuhi imekauka. Lakini Julai na Agosti upepo wa Dodoma unabeba vumbi jekundu, na mara ya kwanza nilizianika dirishani juu ya khanga nikazikuta zina rangi ya udongo, kazi yote bure. Jua kali nalo linapasua mipini ya mti. Sasa nazikamua kwa taulo, nazirudishia umbo kwa vidole, nazifunga kwa mpira kwenye waya, vichwa vikitazama chini ili maji yasirudi kwenye gundi, halafu nafunika waya wote kwa kipande cha chandarua cha zamani. Nimejifunza pia kutozifungia zikiwa na unyevu. Tulipokwenda Kondoa kwenye harusi nilizikunja mbichi kwenye mkoba wa brashi, na tulipofika zilikuwa zinanuka kama kitambaa cha deki. Bibi harusi yule nilimpaka kwa brashi za kuazima.

Kwa anayepaka watu wengi, kuosha peke yake hakutoshi. Jumamosi ya mabibi harusi watatu huwezi kuosha kati ya mmoja na mwingine, zisingekauka. Nina seti mbili, na kati ya mteja na mteja nafuta brashi kwa kitambaa, napuliza spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, naiacha ikauke yenyewe. Spiriti haili uchafu. Ukipuliza juu ya fondesheni iliyoganda umeilowesha tu.

Binti anayenisaidia sasa anaosha vizuri kunishinda, ana mkono mwepesi. Kipimo tulichokubaliana ni leso nyeupe: brashi mbichi inakandamizwa juu yake kwa nguvu, mpaka bati linakaribia kugusa kitambaa. Ikiacha hata kivuli cha rangi, inarudi kwenye vinundu. Wiki iliyopita alinirudishia brashi niliyoosha mimi. "Dada, hii bado," akasema, akanionyesha leso. Alikuwa sahihi.

Sasa ni Agosti, pipa la mvua limebaki chini ya robo na maji yake yameanza kunuka bati. Alhamisi hii nachemsha. Jumamosi nina kazi Ipagala, bibi harusi na wasimamizi wake wanne.